Askari wa miguu mahandakini, 1914–1918: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huja kila Novemba, mwezi vita vilipoisha, ikikaribia, na huja tena kila filamu mpya ya vita inapotoka. Majibu yanahusu zaidi upande wa magharibi wa Vita Kuu ya Kwanza, yaani Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa, maana huko ndiko handaki liligeuka makazi ya watu kwa miaka minne. Afrika Mashariki nayo ina swali lake, liko karibu na mwisho.

Neno "handaki" lenyewe limetoka wapi?

Kwenye Kiarabu, *khandaq*. Aliyesoma sira anavikumbuka Vita vya Khandaq, Madina, mwaka wa 5 Hijria: kwa ushauri wa Salman al-Farsi lilichimbwa shimo refu ili wapanda farasi wa Makka wasivuke. Ila kuna tofauti moja kubwa. Khandaq ya Madina ilikuwa mbele ya mlinzi, imzuie adui. Handaki la 1914 mlinzi anaingia humo mwenyewe, na ndimo anamokula, anamolala na mara nyingine anamofia.

Kwa nini wasipigane uwandani kama zamani?

Kwa sababu uwandani hapakukalika. Agosti 1914 majeshi yalitoka kambini, Wafaransa wakiwa bado wamevaa suruali nyekundu, wengi wakidhani watarudi kabla ya Krismasi. Wiki chache zilitosha kuonyesha kwamba mtu aliyesimama wima mbele ya bombom, yaani bunduki ya kumimina risasi mfululizo, na mizinga ya kufyatua haraka hana lake. Silaha yenyewe haikuwa ngeni. Wapiganaji wa Maji Maji walikutana nayo kwenye boma la Mahenge mwaka 1905. Kilichokuwa kigeni ni kwamba safari hii pande zote mbili walikuwa nayo.

Baada ya mapigano ya mto Marne, Septemba 1914, Wajerumani walirudi nyuma hadi miinuko ya mto Aisne, wakachimba. Wafaransa na Waingereza waliowafuata walishindwa kuwang'oa, nao wakachimba. Kisha kila upande ukajaribu kumzunguka mwenzake kwa kaskazini, ukamkuta naye yuko njiani, hivyo hivyo hadi wakaishiwa na nchi kavu huko Nieuport, Ubelgiji. Hapo Wabelgiji walifungulia bahari iingie kwenye bonde la mto Yser, na njia ikazibwa. Ncha ya pili ya mstari ilikuwa mpaka wa Uswisi. Kati ya bahari na Uswisi ni kama kilomita 700.

Handaki lilikuwaje ndani?

Usifikirie mtaro mmoja mrefu ulionyooka. Lilikatwa kwa pembe kila baada ya hatua chache, kama njia ya nyoka. Kombora likitua ndani, vipande na mlipuko vinakomea kwenye kona. Adui akirukia upande mmoja, hawezi kupiga risasi ikapita mstari mzima. Kina chake kilimfunika mtu mrefu. Ukuta wa mbele uliongezwa kimo kwa magunia ya mchanga, na chini yake palikuwa na kipandio: ukitaka kuona au kufyatua, unapanda, usipotaka, unabaki chini na kichwa chako salama. Sakafuni walitandika vichanja vya mbao, maana bila hivyo mtu alitembea ndani ya uji wa tope.

Nyuma ya handaki la mbele palikuwa na la pili, na la tatu la akiba, yote yakiunganishwa na mitaro ya kupitia. Chakula, risasi, barua na machela, kila kitu kilipita humo. Mbele yalikuwepo mapori ya waya wa miiba, halafu uwanda wa katikati usio wa mtu, kisha waya wa adui. Upana wa uwanda huo ulitofautiana sana: kwingine mita mia kadhaa, kwingine karibu kiasi cha kumsikia mwenzako akikohoa.

Na mahandaki hayakulingana. Pale Somme, penye udongo wa chokaa, Wajerumani walichimba vyumba vya chini hata mita tisa, vyenye vitanda na vingine taa za umeme, kwa kuwa walikusudia kukaa. Majemadari wa Waingereza walitaka askari wao waone handaki ni kituo cha njiani, kwa hiyo hawakujenga vizuri. Flanders nako, ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Huko "handaki" mara nyingi lilikuwa ukuta wa magunia uliojengwa juu ya ardhi.

Siku ilipitaje?

Hapa ndipo picha ya filamu inapopotosha zaidi. Mchana, mstari wa mbele ulionekana kama hauna mtu. Kazi ilikuwa usiku.

Kabla ya jua kuchomoza kila mtu alipanda kwenye kipandio, singe imefungwa, macho mbele, kwa saa nzima hivi, maana alfajiri ndiyo saa ya kushambuliwa. Jioni walifanya vivyo hivyo. Alfajiri ikipita salama, kwa Waingereza ulikuja mtungi wa udongo wenye ramu. Sajini alimpimia kila mtu kidogo, nacho kilinywewa pale pale mbele ya macho yake, kusiwe na wa kuweka akiba akalewa. Kisha kusafisha bunduki, ukaguzi, kifungua kinywa. Sehemu nyingi palikuwa na maafikiano yasiyoandikwa kwamba wakati wa chai hakuna anayefyatua.

Baada ya hapo mlinzi mmoja alibaki na kioo cha kuchungulia, wengine wakalala wanakoweza: kwenye kishimo kilichochongwa ukutani, au wameketi tu, magoti kifuani. Aliyeamka aliandika barua, akashona, akaua chawa.

Giza likiingia, handaki liliamka. Kundi moja lilitoka kurekebisha waya wa miiba, jingine kuchimba, jingine kuzika, jingine kutambaa mbele kusikiliza adui anafanya nini. Adui akirusha fataki ya kumulika, waliokuwa uwandani waliganda kama miti: kinachoonekana gizani ni kitu kinachocheza.

Kundi lililochosha zaidi ni la kubeba chakula. Fikiria watu ishirini kwenye mtaro mwembamba, kila mmoja na gunia begani au makopo mawili ya maji yaliyokuwa ya petroli, hakuna taa, hakuna sigara. Wa kwanza akikanyaga pabaya ananong'ona "shimo", na neno linarudi nyuma mdomo kwa mdomo: shimo, shimo, shimo. Hatua kumi mbele: waya. Wa mwisho anaambiwa "waya" wakati ameshaunasa kwa shingo. Wakikutana na machela inayotoka mbele, wao ndio wanaojibana ukutani. Safari ya kilomita mbili iliweza kula saa kadhaa, na chai iliyopikwa kwa maji hayo ilinuka petroli.

Kwa kweli, ukimwita askari wa handakini mchimbaji na mpagazi mwenye bunduki, hujakosea sana.

Mtu alikaa mstari wa mbele miezi mingapi?

Siku, si miezi. Kwa kawaida kikosi cha Waingereza kilikaa mbele siku nne hadi nane hivi, kikarudi handaki la pili, kisha la akiba, kisha kijijini kupumzika, ingawa "kupumzika" kulikuwa na gwaride na kubeba mizigo. Mapigano makali yalivuruga ratiba hiyo. Pale Verdun, mwaka 1916, Wafaransa walizungusha vikosi kwa makusudi, kimoja kikiingia kingine kikitoka, hata sehemu kubwa ya jeshi lao ikapita hapo.

Walikula nini?

Muingereza: nyama ya ng'ombe ya kopo, biskuti ngumu za kuvunjwa kwa kitako cha bunduki, jemu, chai, mkate ukipatikana. Biskuti ikilowekwa ndani ya maji na jemu iligeuka aina ya uji, na wapo walioisifu. Mfaransa alikuwa na supu, mkate na divai yake nyekundu. Mjerumani alianza vizuri, lakini meli za Waingereza zilipozuia bandari zake, chakula kilipungua mwaka hadi mwaka. Majira ya baridi ya 1916–17 hukumbukwa Ujerumani kwa jina la turnipi, mboga ya mizizi ambayo kabla ya hapo ilikuwa zaidi ya mifugo.

Tatizo kubwa lilikuwa joto la chakula. Moto una moshi, moshi unaita kombora. Jiko lilikuwa nyuma, na kilichotoka jikoni kikichemka kilifika mbele baridi, kama kilifika.

Na choo?

Wanafunzi hulicheka swali hili kwanza, halafu hunyamaza wasikie jibu. Mtaro mfupi wa pembeni, ndoo au shimo, chokaa ya kumwagia, na mtu wa zamu wa kuvifukia. Adui alijua askari huenda huko asubuhi, hivyo palipigwa mara kwa mara. Wengine waliona heri kopo tupu la nyama.

Ni kweli kuhusu panya na chawa?

Kweli tupu. Panya walinona kwa makombo na kwa maiti za uwandani, wakapoteza kabisa woga; walipita juu ya uso wa aliyelala na kutoboa mfuko kufuata biskuti.

Chawa walikuwa wa kila mtu, ofisa na kruta. Walijificha kwenye mishono ya shati na suruali, na dawa ya kawaida ilikuwa mshumaa: unavua, unapitisha mwali polepole kwenye mshono mpaka usikie mayai yakipasuka pa-pa-pa, bila kuunguza nguo. Saa chache baadaye joto la mwili lilishaangua mengine. Wengi walishikwa na homa ya ajabu, miguu ikiuma kwenye mifupa, wakalazwa wiki kadhaa. Mwaka 1918 ndipo ilipothibitika kwamba walioieneza ni chawa hao hao.

Miguu ilikuwa balaa jingine. Ukisimama ndani ya maji baridi siku mbili tatu bila kuvua buti, miguu inavimba, inakufa ganzi, inageuka rangi, na ikiachwa huoza mpaka ikatwe. Tiba iliyofanya kazi ilikuwa ya kijinga kwa wepesi wake: soksi kavu kila siku na kupaka mafuta ya nyangumi. Waingereza waliwapanga askari wawili wawili, kila mmoja akipaka na kukagua miguu ya mwenzake, na miguu ikiharibika ofisa wao aliulizwa.

Walipigana kila siku?

La. Kufa ndiko kulikokuwa kwa kila siku. Hata siku tulivu kombora moja moja lilianguka, na mdunguaji alimsubiri mrefu anayesahau kuinama. Makombora ndiyo yaliyoua na kujeruhi wengi kuliko risasi na singe, na aliyeyafyatua alikuwa kilomita kadhaa nyuma, hajui jina wala sura ya aliyempiga. Wapo waliokaa wiki nzima mbele bila kumwona Mjerumani hata mmoja aliye hai. Ndiyo maana kofia za chuma zilikuja, Wafaransa mwaka 1915, Waingereza na Wajerumani wakifuata: si za kuzuia risasi, ni za kuzuia vipande vinavyoanguka kutoka juu.

Kulikuwa na sehemu zilizoishi kwa "niache nikuache". Kilele chake ni Krismasi ya 1914, pale askari katika sehemu kadhaa za mstari wa Waingereza na Wajerumani walipotoka, wakazika maiti wao, wakapeana sigara na vifungo. Makamanda walikasirika, na miaka iliyofuata walihakikisha haijirudii kwa kiasi kile. Njia mojawapo ilikuwa kuagiza uvamizi wa usiku: watu wachache, nyuso zimepakwa masizi, guruneti na marungu, waingie handaki la adui, wakamate mateka, watoke. Rungu, ndiyo. Ndani ya mtaro mwembamba bunduki yenye singe ni ndefu mno.

Shambulio kubwa lilikuwaje?

Chukua Somme, tarehe 1 Julai 1916. Kwa wiki nzima mizinga ya Waingereza ilikuwa imemimina makombora yapatayo milioni moja na nusu. Askari waliambiwa hakuna kitakachobaki hai ng'ambo. Lakini sehemu kubwa ya makombora hayo yalikuwa ya marisawa, yaani yaliyojaa gololi ndogo ndogo, ambayo hayakati waya wa miiba vizuri wala hayafiki chumba kilicho mita tisa chini, na mengine hayakulipuka kabisa.

Saa moja na dakika ishirini asubuhi ulilipuliwa mtego wa baruti chini ya ngome ya Hawthorn, karibu na Beaumont-Hamel. Dakika kumi nzima kabla ya shambulio: kama kugonga mlango kabla ya kuiba. Saa moja na nusu filimbi zikalia, watu wakapanda ngazi, wengi wao na mzigo wa kama kilo 30 mgongoni. Mizinga ilikuwa imeshasogeza shabaha nyuma. Wajerumani wakapanda ngazi zao pia, wakaweka bombom zao mahali pake.

Kikosi cha Newfoundland, kisiwa ambacho leo ni sehemu ya Kanada, kilipewa amri ya kusonga baadaye kidogo asubuhi hiyo. Mitaro ya kupitia ilikuwa imejaa majeruhi na maiti, kwa hiyo walitoka kwenye handaki la nyuma, wakatembea juu ya ardhi wazi, wakiteremka mlima, mbele ya macho ya kila Mjerumani. Walioona walisema waliinamisha videvu kama watu wanaotembea kwenye dhoruba ya theluji. Watu wapatao 800 walihusika. Kesho yake walioitika majina walikuwa 68. Siku hiyo moja jeshi la Uingereza lilipoteza watu 57,470, kati yao 19,240 wakiwa wamekufa. Mapigano yenyewe yaliendelea hadi Novemba.

Baadaye walijifunza. Mizinga ikaanza kutembeza ukuta wa makombora mbele ya askari hatua kwa hatua, na mwaka 1918 mbinu za kushambulia zilikuwa tofauti kabisa na zile za Julai ile.

Gesi ilitumikaje?

Tarehe 22 Aprili 1915, saa kumi na moja jioni, karibu na Ypres, Wajerumani walifungulia mitungi ya klorini upepo ukivuma kuelekea kwa Wafaransa na Waaljeria wa jeshi la Ufaransa. Wingu la kijani-manjano likaja chini chini. Klorini ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ilimfuata mtu pale pale alipojificha, ndani ya handaki. Siku za mwanzo kinga ilikuwa kitambaa kilicholoweshwa, hata kwa mkojo, kikazibwa mdomoni. Septemba mwaka huo Waingereza nao wakaijaribu pale Loos, na kwingine upepo ukairudisha kwao.

Vinyago vizuri vilipopatikana gesi iliua wachache kuliko makombora, lakini haikuacha kutisha. Ile ya haradali, iliyoanza kutumika Julai 1917, haikuhitaji hata kuvutwa: iliunguza ngozi na macho, ikabaki kwenye tope siku nyingi.

Aliyejeruhiwa alifanyiwa nini?

Wabeba machela wakimfikia, alipelekwa kwa daktari wa kikosi, kisha kituo cha huduma ya kwanza, kisha hospitali za mahema nyuma, kisha treni. Neno kubwa ni "wakimfikia". Katika tope la Passchendaele, Ubelgiji, 1917, machela moja ilihitaji watu sita au wanane, kwa saa kadhaa, na aliyeteleza nje ya vichanja akiwa na mzigo aliweza kuzama kwenye shimo la kombora.

Walioshindwa kuvumilia je?

Wapo waliotetemeka bila kukoma, waliopoteza sauti, waliopofuka ilhali macho ni mazima. Mwanzoni ilidhaniwa ubongo umetikiswa na makombora. Baadaye ikaonekana hata ambao hawakukaribiwa na mlipuko wanaugua. Wengine walitibiwa, wengine walirudishwa mbele, wengine walifikishwa mahakama ya kijeshi. Waingereza waliwapiga risasi askari wao 306 kwa kutoroka, woga na makosa ya namna hiyo. Walisamehewa mwaka 2006, miaka 90 baadaye, ambapo hata wazazi wao walishakufa zamani.

Kulikuwa na Waafrika na Wahindi mahandakini?

Walikuwepo tangu mwaka wa kwanza. Khudadad Khan alibaki na bombom yake pale Hollebeke, Ubelgiji, tarehe 31 Oktoba 1914, wenzake wote wa bombom wakiwa wameuawa. Ndiye askari wa kwanza Mhindi kupewa nishani ya Victoria, ya juu kabisa ya ushujaa kwa Waingereza. Ufaransa ilipeleka Ulaya Waafrika Magharibi zaidi ya 130,000, na wakati wa baridi kali iliwatoa mbele na kuwapeleka kusini, Fréjus. Na kwa wanaodhani pembe yetu ya Afrika haikufika huko: kikosi cha Wasomali kutoka Djibouti kilikuwepo ngome ya Douaumont, Verdun, ilipokombolewa Oktoba 1916.

Na huku kwetu, walichimba?

Walichimba, lakini hawakukaa. Tarehe 12 Februari 1916, mlima Salaita karibu na Taveta, mizinga ya Waingereza ilipiga mahandaki yaliyoonekana kileleni; watetezi wenyewe, wa upande wa Wajerumani, walikuwa chini, kwenye mahandaki yaliyofichwa vichakani, na askari wa Afrika Kusini walioshambulia walirudishwa. Oktoba 1917, Mahiwa, mkoani Lindi, yalipiganwa mapigano ya siku nne yaliyofanana na Ulaya kuliko mengine yote: pande zote zimejichimbia, zinashambuliana ana kwa ana, Waingereza wakipoteza zaidi ya watu 2,000, na wengi waliokuwa wakipigana pande zote mbili ni Waafrika.

Ila muuaji wa Afrika Mashariki hakuwa handaki. Alikuwa mzigo, njaa, malaria na kuhara. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na ukishuka leo daladala Kariakoo, jina hilo ni lao: *Carrier Corps*, kama lilivyotamkwa na waliolazimishwa kuingia humo. Nairobi wana Kariokor, na pale Barabara ya Kenyatta, kati ya sanamu tatu za kumbukumbu, moja ni ya mpagazi.

Ni vifaru vilivyomaliza vita?

Si peke yake. Vilionekana mara ya kwanza Somme, Septemba 1916, vichache na vinavyoharibika ovyo. Kilichovunja mstari mwaka 1918 ni mizinga, ndege, vifaru na askari wa miguu kufanya kazi pamoja, juu ya Ujerumani iliyokwisha kuchoka na kulala njaa.

Mahandaki bado yapo?

Mengi yalifukiwa na wakulima waliotaka mashamba yao. Beaumont-Hamel na Vimy yamehifadhiwa, yameota majani, kingo zimelegea; pale Vimy kuna maeneo ambayo nyasi hukatwa na kondoo tu, kwa sababu mtu hawezi kupita na mashine juu ya makombora yasiyolipuka. Karibu na Verdun kuna vijiji, Fleury kikiwa kimoja, ambavyo havikujengwa tena. Na Flanders, kila msimu wa kulima, jembe la trekta huibua mengine. Mkulima huyaokota kwa uangalifu, huyaweka kando ya barabara, hupiga simu, na gari la jeshi la Ubelgiji hupita kuyakusanya.